Ongeza Nusu

Mimi ni mtu wa hasira, nianze na hilo, asije akainuka mtu baadaye kusema sikumwambia. Mama yangu husema nilizaliwa nimekunja ngumi. Lakini hasira ninayoisimulia hapa si ile ya kuzaliwa nayo. Hii nililetewa mpaka mlangoni na watu waliovaa tai.

Miaka kumi na moja nilifagia karakana ya kiwanda cha pampu za maji. Fundi anafunga kipande cha chuma kwenye mashine ya kukereza, mashine inakizungusha, kisu kinakinyoa mpaka kifikie unene unaotakiwa. Zile nyuzi za chuma zinazonyolewa zinaanguka chini, zimejikunja, zina makali, zinapenya hadi kwenye soksi. Hizo ndizo nilizokuwa nafagia. Na macho hayana pazia. Miaka yote hiyo miguuni mwa mafundi, kazi nikaijua kwa kutazama, nikamwomba meneja wa karakana anijaribu.

Akacheka. "Bila cheti? Dada, mashine si ufagio."

Haya. Nikaacha ufagio, nikaenda kutafuta cheti.

"Ufagio ulikukosea nini?" mama aliniuliza, mikono kiunoni. "Watu wanatafuta kazi kwa tochi, wewe unaitupa! Na umri huo, ukakae dawati moja na watoto?"

Nikamwambia dawati halina umri. Akaguna, lakini asubuhi ya kwanza ndiye aliyeninyooshea ovaroli kwa pasi.

Chuo chetu ni chuo cha jamii, kiko nyuma ya soko la mitumba, geti hupakwa rangi kila mwaka na paa la karakana linavuja kila mwaka. Hakichagui mtu. Utawakuta vijana waliotoka shule juzi, utamkuta baba aliyepunguzwa kazi, utanikuta mimi. Nakipenda chuo kile, na kukipenda huko ndiko kunakonipandisha mori zaidi.

Mwaka niliojiunga, chuo na kiwanda vilitiliana saini: kila mwaka kiwanda kitachukua wakereza sita kutoka chuoni, wakifaulu jaribio. Sisi tulikuwa sita wa kwanza. Wenzangu watano wote ningeweza kuwazaa; siku ya kwanza wakaniita Shangazi, na jina likaganda. Hodari wetu alikuwa binti mmoja tuliyemwita Kimya, kwa sababu wiki nzima ingepita hujamsikia neno. Mkono wake lakini, salale! Sisi tukikereza shafti mbili, vile vyuma vya mviringo vya kuzungushia pampu, yeye ana tano, zote zinang'aa.

Sharti la kiwanda lilikuwa moja: ukishindwa jaribio, huitwi tena. Na ufagio wangu walishampa mtu mwingine. Kwa hiyo kwangu ilikuwa kazi ile au nirudi nyumbani nikamsikilize mama.

Karakana ya chuo ilikuwa na mashine moja tu ya kukereza, ya kijani, zawadi ya kiwanda kilekile, miaka tisa iliyopita. Picha ya makabidhiano ilining'inia ofisini kwa mkuu wa chuo: yeye na meneja wameshikana mikono, mashine katikati imefungwa utepe kama bibi harusi.

Mwalimu wetu alikuwa kijana mpole, naye alisoma hapohapo, kwenye mashine hiyohiyo, chini ya mwalimu aliyestaafu zamani. Alitufundisha hivi: kabla ya mkato wa mwisho, pima unene wa chuma chako kwa vernia, piga hesabu zimebaki milimita ngapi za kunyoa, kisha zungusha gurudumu la kisu mpaka kwenye namba hiyo.

"Halafu?" atauliza.

"Ongeza nusu!" tunaitikia wote, kama chekechea.

Nusu milimita. Siku moja nikamuuliza, mwalimu, kwa nini nusu? Akakuna kichwa.

"Shangazi, ndivyo kukereza kulivyo. Na mimi nilifundishwa hivyo. Kwani kipimo hakitoki sawa?"

Kilitoka sawa, kila mara. Nikanyamaza, na kwa kunyamaza kule mpaka leo sijajisamehe. Waliotutangulia walikwenda karakana za mitaani, huko unakereza, unajaribisha, kikikataa unachukua chuma kingine. Hakuna aliyewahi kurudi kulalamika.

Siku ya jaribio tuliingia kiwandani kwa mlango wa mbele, mimi kwa mara ya kwanza, maana wafagiaji hupita nyuma. Mafundi wa zamani walinisalimia kwa kupiga spana mezani. Alikuwepo Mzee Macho, mkongwe wao, anayeitazama shafti na kukutajia unene wake kabla hujashika kipimo. Akanikonyeza. Nikajisemea, leo ni leo.

Shafti ilitakiwa kuwa milimita thelathini kamili. Mmoja mmoja tukakereza, nusu saa kila mtu, mashine nzuri laini mpaka unaona haya kuigusa. Nilipima, nikapiga hesabu mara mbili, nikazungusha gurudumu, nikaongeza nusu. Nilipozima mashine nilikuwa natabasamu peke yangu.

Meneja akazipanga shafti sita mezani, akashika vernia. "Ishirini na tisa na nusu," akasoma. Akachukua ya pili. "Ishirini na tisa na nusu." Ya tatu hivyo. Ya Kimya hivyo. Yangu hivyo. Chuma ukishakinyoa hukirudishii nyama. Shafti nyembamba ni chuma chakavu, basi.

"Ama kweli," akasema, akiziviringisha kwa kidole, "hata kukosea mmefundishwa kwa pamoja."

Karakana nzima ikaangua kicheko. Hata mfagiaji mpya alicheka, ameegemea ufagio wangu. Mzee Macho tu ndiye hakucheka, aliinama akawa anafunga kamba za viatu.

Kesho yake mkuu wa chuo akatuita ofisini. Mezani palikuwa na karatasi imeshachapwa: sisi tuliotia saini hapa chini tunakiri kwamba tulishindwa kwa uzembe wetu wenyewe na si kwa upungufu wa mafunzo. Karatasi hiyo ingekwenda kiwandani ili mkataba usivunjike.

"Nanyi nitawaruhusu kurudia kozi yote, miezi minane," alisema kwa upole, kama anayetugawia peremende. "Heri nusu shari kuliko shari kamili."

"Nusu hiyohiyo ndiyo iliyotuua!" nikasema.

Kimya alikuwa ameshatia saini, wa kwanza. Nikaivuta ile karatasi, nikaisoma kwa sauti, na kila neno likanizidishia moto.

"Uzembe, mkuu? Watu sita, kipimo kimoja? Wazembe hawakubaliani! Mzembe mmoja angekata nyembamba, mwingine nene, wa tatu angejikata kidole. Sisi tumekosea sawasawa, nusu kwa nusu. Huo si uzembe, huo ni utii!"

Mwalimu alikuwa amekaa pembeni na kofia yake magotini. Nikamgeukia. "Mwalimu wangu, nakuheshimu. Nusu ile ni ya kukereza, au ni ya mashine hii?"

Akaikunja kofia. "Sijui," akasema mwishowe. "Sijawahi kushika mashine nyingine maishani mwangu."

Jamani! Nilimwonea huruma mpaka hasira ikayumba kidogo. Lakini mkuu akairudisha mahali pake.

"Mashine ile ni zawadi," alisema. "Unataka nikamwambie mfadhili zawadi yake ni mbovu? Mama, una akili timamu?"

"Usimwambie. Nitamwambia mimi."

Kimya akanyoosha mkono, akachukua kalamu, akalipiga mistari jina lake mpaka halisomeki. Wengine wakaacha karatasi palepale, tukatoka.

Mchana ule, saa ya chakula, nikasimama kwenye geti la kiwanda. Meneja aliposhuka kwenye gari nikamwambia mbele ya mafundi wote waliokuwa wakila: mashine mliyotupa ni mbovu, imetufundisha uongo, nanyi mmetucheka kwa uongo wenu. Sikupunguza sauti. Sijui kupunguza sauti.

Angenipuuza kama tungekuwa peke yetu. Lakini watu sitini walikuwa wameshikilia vijiko hewani, wanangoja jibu.

"Kesho nakuja na fundi wangu," akasema, shingo imemvimba. "Tuone mbovu ni mashine au ni nyinyi."

Nyumbani mama hakula. "Mwanangu, mwenye nguvu mpishe."

"Nimempisha miaka kumi na moja, mama. Nikiwa na ufagio mkononi."

Asubuhi karakana ya chuo ilijaa. Mkuu alikuwa ametandika kitambaa mezani na kupanga soda. Wanafunzi waliokosa nafasi walining'inia madirishani. Meneja akaingia na Mzee Macho, ovaroli limeoshwa, miwani imefungwa uzi shingoni. Aliitazama ile mashine ya kijani kitambo, akaipapasa ubavuni, kisha akafunga chuma.

Nikaenda kusimama kwenye kiwiko chake, palepale nilipozoea kusimama na ufagio. Alinyoa, akapima, akanyoa. Kabla ya mkato wa mwisho akapima tena, midomo ikacheza na hesabu, mkono ukaliendea gurudumu. Kisu kikapita. Akazima, akampa meneja vernia.

"Thelathini!" meneja akaitangaza kama mshenga aliyekubaliwa. "Thelathini kamili! Haya, mashine mbovu iko wapi?"

Mkuu wa chuo akapiga makofi, watu wa madirishani wakaguna. Mwalimu akainamisha kichwa. Mwenzetu mmoja akaninong'oneza, "Shangazi, tumekwisha." Nami kwa dakika nzima niliamini hivyo, nikawaza nitakavyokwenda kuomba ufagio.

Kisha nikaliangalia gurudumu. Lilikuwa bado pale alipoliacha.

"Mzee wangu," nikasema, "shikamoo."

"Marahaba, binti."

"Kabla ya mkato wa mwisho, zilibaki ngapi za kunyoa?"

"Mbili."

"Na gurudumu umelisimamisha kwenye ngapi?"

Akainua miwani, akatazama. Nikamwona anavyoshtuka, maana mwenyewe hakujua. Mkono ulikwenda peke yake. Angeweza kusema macho yamezeeka, na nani angembishia? Alimtazama meneja, kwa muda mrefu, na meneja akamtazama yeye kwa namna ambayo hata mtoto angeielewa.

"Mbili na nusu," akasema Mzee Macho.

"Kwa nini, mzee?"

"Mkono umezoea. Mashine hii niliishika miaka saba kabla haijaletwa huku. Inaiba nusu. Gurudumu linasema mbili, kisu kinaingia moja na nusu. Tuliomba itengenezwe mpaka tukachoka, ndipo wakatuambia watatuondolea." Akavua miwani. "Siku inatoka tulipiga makofi."

Makofi hayo nayakumbuka! Nilikuwepo, mfagiaji wa mwaka wa pili, nikadhani wanafurahia ukarimu wa kiwanda chao. Na mimi niliweka ufagio chini, nikapiga makofi.

"Mzee, angalia unachosema," meneja akasema.

"Nimeangalia, bwana. Ndiyo kazi yangu, kuangalia."

Meneja akageuka kwa watu, akatandaza viganja. Ilitolewa kwa nia njema, alisema, chuo hakikuwa na kitu, kidogo si haba. Hapo ndipo nilipolipuka, na sitaomba radhi.

"Nia njema? Mlijua inaiba, mkaipaka rangi! Mkaifunga utepe, mkapiga picha, mkaitundika ukutani! Neno moja tu, meneja, neno moja la kusema jamani hii ina kasoro, lingewagharimu nini? Mkatuachia tujifunze ugonjwa wake kama ndiyo kazi, na tulipokuja kwenu na nusu yenu mkononi, mkatucheka! Mnalia kila siku mafundi hakuna, vyuo havifundishi. Vifundishe kwa kutumia nini? Kwa takataka zenu?"

Mwalimu alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Miaka minne," alisema, wala hakuwa anamwambia mtu, "miaka minne nawafundisha watu ugonjwa."

Watu wa madirishani waliyasikia yote, na soko la mitumba liko ukuta wa pili. Jioni habari ilikuwa imefika kila nyumba. Meneja hakuwa na pa kutokea. Akatangaza jaribio la pili, kiwandani, Jumatatu, mara hiyo moja na basi.

Nitakuambia kitu kuhusu mkono. Ukiufundisha jambo miezi minane, hauombi tena ruhusa. Jumatatu nilipolifikisha gurudumu kwenye namba yangu, mkono ukataka kuendelea, wallahi niliusikia ukivuta. Nikaushika kifundo kwa mkono wa pili, nikasimama hivyo kama mtu anayejizuia kumpiga mwenzake, nikaacha kisu kipite. Meneja alipima yangu mara tatu. Thelathini.

Watano tulitoka na thelathini. Kimya alitoka na ishirini na tisa na nusu.

Aliyejifunza vizuri kuliko sote ndiye ambaye mkono wake ulikataa kusahau. Nilimwona alipoongeza. Alikuwa mwepesi, kama kawaida yake, na alipogundua alishavuka, chuma kinang'aa, kimekwisha. Aliiweka shafti mezani bila kupiga kelele, akasimama ukutani. Nilimwambia meneja ampe nusu saa nyingine, nikamwambia Mzee Macho amwombee, naye akamwombea. Meneja akasema alishasema, mara moja na basi.

Barua zetu za kazi zilikuwa mezani, bado hazijatiwa saini. Lakini kwanza ilibidi hotuba, maana mpiga picha alikuwa amefika na mkuu wa chuo amevaa suti. Meneja akazungumzia ushirikiano, vijana, taifa la kesho. Akamalizia kwa kutangaza kwamba kiwanda, kwa moyo uleule, kitakipa chuo mashine nyingine ya kukereza. Mkuu akaanza kupiga makofi.

Nilijua barua yangu iko pale, haina saini. Nilijua mama amekaa dirishani ananingoja. Nikamtazama Kimya ukutani, mikono ameificha mgongoni kama imemkosea yeye.

"Ina ugonjwa gani?" nikauliza.

Makofi yakakatika.

"Umesema nini?" meneja akauliza.

"Hiyo mashine mtakayotoa. Ina ugonjwa gani? Tuambieni leo, tuuandike, wasije wakaujifunza."

Meneja akamgeukia mpiga picha. Akajibu Mzee Macho kutoka nyuma, taratibu, kama anayeulizwa saa. "Haishiki chuma katikati. Inatupa pembeni, kushoto."

Mwalimu akatoa kalamu mfukoni, akaandika kwenye kiganja.

Barua nne zilisainiwa haraka. Yangu ilibaki ya mwisho, meneja akaitazama muda mrefu hata nikadhani ataichana. Mpiga picha alikuwa bado ameinua kamera. Akasaini, kwa nguvu, kalamu ikatoboa karatasi. Nikaichukua na tundu lake. Sikusema asante.

Leo nakereza, na ninakereza vizuri. Mashine mpya ya chuo haijafika, kwa sababu tangu nilipouliza swali lile hakuna aliyeizungumzia tena. Ya kijani haijatengenezwa. Mkuu anasema barua imeshaandikwa kwa wahusika. Na Kimya ameanza upya, miezi minane. Asubuhi nikienda kazini napita nyuma ya soko, namwona dirishani, ameinama juu ya mashine ileile, mkono mmoja kwenye gurudumu na wa pili umeushika kifundo.